Kosa ni la Maganda

Verlin Kucera alichota maganda matano ya risasi kwenye ndoo, akayafumbata kiganjani, akayasogeza sikioni. Ndivyo alivyoyapima siku zote. Ganda zima ukilitikisa na wenzake linalia kama kengele ndogo. Lenye ufa halilii, linakohoa. Kwa miaka thelathini na moja Verlin alikuwa anakisikia kikohozi kimoja katikati ya milio minne, anamchomoa mgonjwa macho yakiwa yamefumbwa, anamtupa kwenye debe la vyuma chakavu. Wanachama wa klabu ya shabaha walikuwa wanamletea ndoo zao kutoka kaunti tatu, kama wanavyopeleka ndama kwa daktari wa mifugo, wanasimama kofia mkononi kusubiri hukumu. Na hukumu ilikuwa kali. Kuna mtu alileta maganda elfu moja akaondoka na sitini.

Asubuhi hii Verlin hakuhitaji kuyatikisa. Yalikuwa yanatikisika yenyewe.

Akakaza ngumi. Yakaendelea, cha-cha-cha-cha, kama yanamcheka.

"Nyamazeni," akayaambia.

Hayakunyamaza. Akayamwaga mezani, akaukalia mkono wa kulia, akabaki hivyo katika chumba cha chini ya nyumba, mzee wa miaka sitini na nane amekalia mkono wake kama kuku anayeatamia.

Mbele yake kulikuwa na maganda mia mbili ya bastola ya arobaini na tano, yamepangwa mistari kama wanafunzi kwenye gwaride. Yote ya kiwanda kimoja, ya mwaka mmoja, yamepigwa mara mbili tu. Urefu alishaupima, uzito alishaupima, kila mdomo alishaupitishia ukucha kutafuta mkwaruzo. Risasi ikipigwa kichwa kinakwenda zake, baruti inaungua, kinachobaki ni ganda. Unaliokota, unalisugua kwenye mashine ya magunzi ya mahindi yaliyosagwa, unalibana lirudi umbo lake, unalipa fataki mpya na baruti mpya na kichwa kipya, linarudi kazini. Kwa hiyo kila kitu kwenye risasi ni mgeni isipokuwa ganda. Na wageni wakigombana, Verlin alikuwa anasema, ujue mwenye nyumba ana matatizo.

Hayo mia mbili yalitoka kwenye elfu nne. Bado alikuwa hayaamini. Alikuwa anayatafutia kosa tangu mwezi wa tatu, na sasa ni wa saba. Sababu ni kwamba mwaka jana risasi zake kumi zote zilikuwa zinaingia kwenye duara jeusi kwa yadi hamsini, mkono mmoja, bastola imesimama hewani kama imepigwa msumari. Mwezi wa tatu zikaingia saba. Mwezi wa tano, tano. Wiki iliyopita ziliingia mbili, na moja ikaenda kutoboa shabaha ya jirani, jirani akasema asante kwa msaada, watu wakacheka. Verlin naye alicheka. Halafu akaenda chooni akafunga mlango, akaushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto mpaka ukachoka.

Lazima kosa liwe la maganda. Kwa sababu kama si maganda, ni mkono, na mkono huo Verlin alikuwa anaufahamu vizuri. Ulikuwa mkono wa baba yake. Mzee Emil Kucera alianza kumwaga kahawa akiwa na sitini na tisa, akamaliza akiwa na sabini na nane kwenye kiti cha jikoni, amefungwa shuka ubavuni asidondoke, na aliyekuwa anamlisha uji kwa kijiko miaka saba ni Verlin. Mzee alikuwa anatazama kile kijiko kinavyokuja, machozi yanamtoka, na hata kuyafuta hawezi.

Darlis akashuka ngazi na kikombe. Kahawa nusu kikombe. Mkewe huyo siku hizi alikuwa anajaza nusu, hajasema kwa nini, na Verlin hajauliza.

"Kikombe chenyewe kimeingia kwenye dayati?" Verlin akasema.

"Ukimaliza nitakuongeza." Darlis akaweka mezani, mbali na maganda, mbali na kiwiko. "Kwa yule daktari wa mjini Lincoln wamepiga simu. Alhamisi kuna nafasi."

"Jumamosi ni mashindano ya jimbo."

"Alhamisi ni kabla ya Jumamosi, Verlin. Imekuwa hivyo tangu nikiwa mdogo."

"Baada ya Jumamosi nitakwenda popote unaponipeleka. Hata kwa daktari wa meno. Odell anakuja sasa hivi, tunakwenda kuzipima risasi kwenye mashine ya klabu, ile ya kushikia bastola. Nimeshindilia hamsini kutoka kwenye hawa." Akanyoosha kidevu kuelekea gwaride, maana mkono ulikuwa bado umekaliwa. "Mashine haina mishipa, haina umri. Hawa ndio bora nilionao. Mashine ikizitawanya, basi kiwanda kimeniuzia takataka, tumemaliza maneno."

"Na isipozitawanya?"

Verlin akainamia kikombe akanywa bila kukiinua, kama ndama.

Darlis akamtazama kisogo. Akapanda ngazi, na katikati ya ngazi akasimama muda mrefu kidogo kuliko mtu anayepumzika goti.

Odell Tjaden alifika na gari lake la kubebea mizigo, anapiga honi tangu barabarani. Walisoma darasa moja, walioa mwaka mmoja, na miaka arobaini Odell aliuza mbegu za mahindi kwa wakulima wasiohitaji, kwa hiyo mdomo alikuwa nao.

"Toka huko, babu! Au Darlis amekufungia kwenye sanduku la maganda?"

"Afadhali sanduku kuliko gari lako. Linanuka nguruwe."

"Hiyo ni pafyumu yangu. Umeleta dhahabu?"

Verlin akampa boksi la risasi hamsini. Akampa kwa mikono miwili, kwa haraka, risasi zikagongana ndani. Odell akajifanya anakohoa.

Njia nzima ilikuwa mahindi kulia, maharage ya soya kushoto. Odell alipiga soga za jirani aliyekwama na trekta kwenye mtaro wa maji, halafu za mkwewe, halafu akaishiwa. Walipoiona bendera ya klabu akasema, "Verlin, na zikienda sawa?"

"Nini?"

"Mashine ikizitia zote kwenye tundu moja. Utafanya nini?"

"Hazitakwenda sawa."

"Maganda umechagua wewe mwenyewe. Lini umewahi kuchagua ganda bovu?"

"Mara moja," Verlin akasema. "Safari hii. Naomba Mungu iwe safari hii."

Mtu aliyejulikana kaunti tatu kwa hukumu yake ya maganda alikuwa anaomba hukumu hiyo iwe na kosa. Odell akaegesha gari.

Uwanjani hapakuwa na mtu, siku ya kazi hiyo. Mashine yenyewe ilikuwa kibano cha chuma kilichofungwa kwa boliti juu ya nguzo ya zege. Unaitoa bastola vishikio vyake, unaibana, unaifyatua kwa wenzo, chuma kinaruka nyuma kidogo kisha unakirudisha palepale kilipokuwa. Hakuna pumzi, hakuna moyo, hakuna mke anayesubiri nyumbani. Odell alifunga bastola ya Verlin mwenyewe, akakaza parafujo akiwa amempa mgongo.

"Wewe kaa kwenye darubini," akasema. "Mimi najaza, mimi nafyatua. Wewe uwe hakimu."

Verlin akakaa kwenye benchi pembeni, akaweka jicho kwenye darubini iliyoelekezwa kwenye shabaha, mikono akaibana katikati ya magoti. Odell akafyatua. Tundu likatokea upande wa kulia. Akafyatua tena. Juu, kushoto kidogo. Tena. Chini kabisa, karibu nje ya karatasi.

"Ee," Verlin akasema.

Ya nne ikaenda kushoto. Ya tano ikaenda kulia. Ilipofika ya kumi karatasi ilikuwa kama shamba lililopandwa na mlevi.

Verlin aliinuka taratibu. Uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtu aliyetolewa gerezani na hajui aelekee wapi. "Umeona?" akasema. "Odell, umeona? Mashine! Mashine yenyewe imeshindwa!" Akamkumbatia Odell, akampigapiga mgongo, mkono wa kulia ukawa unapiga mara tatu pale wa kushoto ulipopiga mara moja, na wala hakujali. "Takataka! Wameniuzia takataka! Miezi mitano nimekuwa najiona maiti kwa sababu ya kiwanda fulani cha wajinga!"

"Nimeona," Odell akasema.

"Jumamosi nitatumia yale ya zamani, ya ndoo ya bluu. Darlis atamwambia yule daktari wa Lincoln ampe mtu mwingine hiyo Alhamisi. Nipe simu nimpigie. Ngoja, ngoja niokote kwanza."

"Acha, nitaokota mimi."

"Wewe na huo mgongo?"

"Verlin, acha, ni takataka umesema mwenyewe. Mpigie Darlis."

Lakini mtu anayeshindilia risasi zake haachi maganda chini. Ukimwambia nyumba yake inaungua atakuuliza umeona mangapi yameangukia kwenye nyasi. Verlin alikuwa ameshapiga magoti kwenye zege, anakusanya, anacheka peke yake. La kwanza lilimponyoka mara mbili, mara ya tatu akalipata, akalirusha kofiani. La pili hivyo hivyo. La tatu akaliangalia.

Kicheko kikaisha, hakikushuka polepole, kiliisha tu.

Lilikuwa jeupe, limepakwa nikeli. Verlin hakuwa na ganda jeupe hata moja. Akaligeuza, akasoma chapa ya kiwanda kitakoni. Akalitoa la kwanza kofiani, akasoma. Akaokota la nne: tundu la fataki dogo, aina aliyokuwa akiikataa tangu ilipotoka. La tano lilikuwa na ufa mdomoni ambao ungeuona ukiwa umekaa kwenye trekta. Maganda kumi, viwanda saba. Mkutano wa Umoja wa Mataifa.

Akabaki amepiga magoti. Juu yake Odell alikuwa anatazama mahindi.

"Haya si yangu," Verlin akasema.

"Labda yalikuwa hapo chini tangu..."

"Yana joto, Odell."

Odell akavua kofia, akaivaa tena.

"Umeyatoa wapi?"

"Kwenye pipa la klabu. Yale yanayosubiri kuuzwa chakavu. Nilizishindilia juzi bila hata kupima." Halafu, kwa sauti ndogo, "Jana nilijaribu chache, hata hizo takataka zilikuwa zinaenda karibu karibu. Ikabidi leo nilegeze na parafujo za kibano."

"Darlis anajua?"

"Darlis? Angenizika. Yeye anataka uende Alhamisi."

"Kwa hiyo ni wewe peke yako."

"Nilitaka upate Jumamosi moja," Odell akasema. "Moja tu, bwana. Upige huku unalaumu kiwanda. Baada ya hapo ungekwenda Lincoln, ungeambiwa utakachoambiwa. Nilijua hutatazama. Nilidhani kwa furaha ile hutatazama."

"Miaka arobaini umewauzia watu mbegu," Verlin akasema, "na hukujua kwamba mtu hutazama alichokiokota?"

Odell alimpa mkono ainuke, Verlin akaukataa, akainuka kwa kushika nguzo ya zege.

"Zangu ziko wapi?"

"Garini. Chini ya kiti. Verlin, twende tukanywe kahawa pale kanisani kwa Walutheri, leo wana mikate ya nyama na kabeji, tule, turudi nyumbani. Si lazima ujue leo."

"Lete."

"Ukishajua huwezi kutojua."

"Nimeshajua tangu Januari, mpumbavu wewe. Lete."

Odell akaleta boksi. Verlin akachukua spana akataka kukaza parafujo mwenyewe. Spana ikawa inagonga chuma kulia, inagonga kushoto, ti-ti-ti-ti, kama kuku anayedonoa sahani, kichwa cha parafujo hakishikwi. Odell alingoja. Alingoja kwa heshima kadiri alivyoweza, halafu akaichukua ile spana mkononi mwa rafiki yake, akakaza, robo mzunguko, robo mzunguko, mpaka kibano kikatulia.

Safari hii Verlin alijaza kwa macho tu, maana mikono ilikuwa ya Odell. Kila risasi ilipita mbele ya uso wake kwanza. Aliyajua yote. Alijua lipi lilikuwa na doa dogo la maji ya chumvi, lipi alilibakiza dakika za mwisho baada ya kulitoa mara mbili. Kulikuwa na moja alilowahi kulitilia shaka. Akaliangalia sana lile. Tafadhali, akaliambia moyoni. Wewe angalau.

Akarudi kwenye darubini. Mkono wake ulipogusa ile miguu mitatu ya darubini, shabaha nzima ikaanza kucheza, karatasi na miti ya nyuma yake. Akaufunga mkono kiunoni ndani ya mkanda. Shabaha ikatulia.

Ya kwanza ikaingia katikati, juu kidogo. Ya pili ikaigusa. Ya tatu Verlin hakuiona, akadhani imepotea, moyo ukamruka kwa tumaini, halafu akaona ukingo wa tundu umepanuka upande wa kushoto. Ya nne, ya tano. Lile alilolitilia shaka lilikuwa la sita. Lilipita katikati ya tundu bila kugusa kitu.

Odell alipomaliza kumi, walikwenda wote wawili kwa miguu mpaka kwenye karatasi, maana yadi hamsini ni mbali kumwamini mtu mwingine. Tundu moja lenye kingo zilizochanikachanika. Ungelifunika kwa kitako cha glasi. Miaka thelathini na moja Verlin hakuwahi kuona risasi zake zikikaa vizuri namna ile, na maganda yote yalikuwa kazi yake.

"Mungu wangu," Odell akasema kabla hajajizuia. Shabaha ile ilikuwa nzuri mno.

Verlin aliitazama kama mtu anavyotazama picha ya eksirei. Akaweka kidole kwenye tundu. Kidole kikawa kinagonga karatasi, kr-kr-kr, kinachana kingo. Akakiondoa asiiharibu.

"Piga simu kwa Fay," akasema. "Nitolewe Jumamosi."

"Tumia mikono miwili. Wapo wanaopiga kwa..."

"Odell. Vitufe vya simu siviwezi. Nisaidie hilo."

Fay Stukenholtz ndiye aliyekuwa akishika orodha ya mashindano ya klabu. Odell akapiga, akaweka sauti ya nje, akaishika simu katikati yao, wamesimama mbele ya karatasi.

"Fay, Odell hapa. Mtoe Verlin kwenye ile ya Jumamosi."

"Verlin gani? Kucera? Amekufa?"

"Hajafa. Yuko hapa ananikodolea macho."

"Kama hajafa nahitaji sababu, jimbo wanataka sababu. Amekuwa wa kwanza kujiandikisha tangu nikiwa na kiuno."

Odell akamtazama Verlin. Verlin akatazama chini. Na Odell, kwa huruma ileile iliyomponza asubuhi nzima, akasema, "Maganda. Maganda yake yameharibika. Yote."

Fay akacheka, kisha akaacha. "Maganda ya Verlin? Unasema kweli? Odell, mimi mwenyewe natumia mia tatu aliyonichagulia yeye. Mjukuu wangu anapiga nayo. Niyatupe? Niwaambie na wengine? Nusu ya klabu ni maganda ya Verlin!"

"Hapana, si hivyo, namaanisha..."

"Usitupe hata moja, Fay," Verlin akasema.

"Verlin?"

"Maganda hayana kosa. Nimetoka kuyapima. Ni mazima kabisa." Hajawahi kulisema neno lile kwa sauti, hata peke yake, hata kule chooni. "Ni mkono. Ninao ule wa baba."

Fay alikuwa amemfahamu mzee Emil. Alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wanaleta bakuli za chakula mlangoni na hawaingii jikoni.

"Oo, Verlin," akasema.

"Andika."

"Niandike nini?"

"Andika mkono."

Wakasikia anaandika. Alikuwa mtu wa kalamu. Kisha, bila shaka hakukusudia, ni mazoea tu ya mtu mwenye orodha mbele yake, akasema, "Ile ya mwezi wa nane nayo umo."

"Futa."

"Na ya mjini Kearney, mwezi wa tisa."

"Futa, Fay."

"Kuna ya ndani, ya Novemba. Ile ya kuchangia kanisa." Akageuza ukurasa. "Na ya kushindania bata mzinga. Hiyo watu wanapiga wamekaa, Verlin, wanaegemeza kwenye meza, hata mimi huwa napiga hiyo. Hiyo nikuache?"

Odell aliinua macho. Verlin alifikiria. Alijiona amekaa, mkono umeegemezwa kwenye mfuko wa mchanga, watu nyuma yake wamenyamaza kwa adabu, hakuna anayemcheka.

"Futa," akasema.

Kalamu ikapita.

"Basi," Fay akasema. "Hakuna nyingine."